Fundi na Mashine ya Pedi Nne

Kila nilipofunga mizigo kwenda Kampala, Fundi alikuja. Hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe kwa miguu kutoka mtaa wa Awindiri, amevaa koti la kaki lenye vifungo viwili visivyofanana na vingine, akasimama mlangoni pa duka langu sokoni Arua, na hata kabla ya salamu akauliza.

"Mama Kaseti, safari hii wewe taleta?"

"Nikipata nitaleta, Fundi."

"Kama iko, leta. Kama hapana, uliza wao kwa nini."

Wao ni akina nani? Mwanzoni sikujua. Nilidhani anasema watu wa Kampala. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa anasema watu wa mbali kabisa, wale wanaotengeneza gemu za televisheni huko Ulaya, Amerika na Japani, watu ambao hawajawahi kuisikia Arua na wasingeweza kuipata hata ukiwapa ramani na tochi. Mzee huyu aliwadai maelezo. Aliwadai kwa miaka, na mimi ndiye niliyekuwa tarishi wake.

Kuzaliwa kwake na ukoo wake siyajui vizuri, na sina haja ya kuyachimba. Nilimjua kwa kazi. Alikuwa na vidole vifupi, vinene, ambavyo ungedhani ni vya mtu wa jembe, lakini akishika bisibisi ndogo ungenyamaza umtazame. Redio iliyoanguka kisimani aliifufua. Nyingine ilikuwa imeliwa na mchwa, akaitengenezea mwili mpya kwa mbao za sanduku la sabuni. Mteja akilalamika kwamba sasa imekuwa mbaya kwa sura, alijibiwa, "Wewe nasikiliza na masikio ama na macho?"

Kazi hiyo aliijifunza jeshini. Hapo ndipo palipokuwa na uchungu kati yetu, na sitauficha. Mwaka sabini na tisa serikali ilipoanguka, askari walirudi huku kwetu West Nile wakikimbia, na baadhi yao walipopita Koboko walikomba duka la baba yangu mpaka mizani. Halafu wakaja askari wengine, wa serikali mpya, wakachoma kilichobaki. Sote tukavuka mpaka kuingia Zaire, waliokomba na waliokombwa, tukalala chini ya matawi yale yale. Kule kambini familia za askari zilitazamwa kwa jicho baya. "Nyinyi ndio mlituletea haya," watu walisema. Mimi mwenyewe nilisema, tena kwa sauti, ili Fundi asikie.

Alisikia. Siku ya pili akaja kuniomba redio yangu iliyokuwa imekufa. Akairudisha jioni inaongea. Hakudai malipo, na mimi sikushukuru. Ndivyo tulivyoanza kujuana.

Sasa nieleze mashine. Tulikuwa tumerudi nyumbani zamani, yeye amefungua karakana yake Awindiri, mimi nauza kaseti za muziki na betri. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni wakati mtoto wa dada yake, aliyekuwa amepata makazi ng'ambo, alipomletea mzigo kwa mkono wa padri mmoja. Ndani yake kulikuwa na mashine ya gemu ya kuunganisha na televisheni, ina matundu manne, na kila tundu lina pedi yake ya kuchezea. Watu wanne kwa wakati mmoja. Gemu zenyewe zilikaa ndani ya kaseti za plastiki, nzito, unachomeka juu ya mashine. Alikuja na kaseti mbili, zote za kiwanda kile kile kilichotengeneza mashine: moja ya vigari vinavyoshindana mbio, nyingine ya kijitu kinachorukaruka na kukusanya vitu.

Mtu mwingine angeiweka sebuleni na kuringia jirani. Fundi alisogeza redio mbovu pembeni, akatandika mikeka karakanani, akawasha jenereta kila Jumamosi na Jumapili mchana, akafungua mlango. Ukiwa na kikombe cha njugu unaingia. Huna, unaingia pia, lakini utamsikia akikohoa.

Akaweka sheria, na sheria hiyo ndiyo iliyofanya Arua nzima imzungumzie. Pedi nne, nyumba nne. Hakuna watu wawili wa nyumba moja kucheza pamoja. Na katika wanne lazima awemo mama au mzee mmoja. Mtu akijaribu kumchomeka ndugu yake, Fundi alizima televisheni.

"Nyumba moja nachezea nyumbani!" alifoka. "Hapa iko mahali ya kukutana."

Na watu walikutana. Kulikuwa na mama mmoja wa Mvara, mwimbaji wa kwaya, mumewe alichukuliwa na askari na hakurudi. Kulikuwa na mjane wa sajenti, Mwislamu wa Koboko aliyehamia Awindiri. Mama wa Mvara alikuwa akimwona yule mjane sokoni, anavuka upande wa pili wa barabara. Nimeshuhudia kwa macho yangu. Jumapili moja Fundi aliwapa pedi wote wawili, pamoja na msichana mmoja wa shule na mzee mmoja kutoka Manibe aliyekuja kuuza mihogo. Mama wa Mvara hakutaka. Fundi akamshikisha pedi mkononi kama anavyomshikisha mteja redio yake, akaenda zake kuangalia jenereta. Mzunguko wa tatu nilimsikia mama wa Mvara akipiga kelele, "Pita kushoto! Mama, pita kushoto, yule mzee nakuja nyuma yako!" Alikuwa anamwambia mjane wa sajenti. Miaka kumi na zaidi hajamwambia hata shikamoo.

Fundi aliwakemea wapunguze kelele. Kisha akaja dukani kwangu kunihadithia, Jumatatu, Jumanne na Alhamisi, kama vile mimi sikuwepo.

Kwa hiyo unaweza kuelewa kwa nini alizitaka gemu mpya. Haikuwa pupa ya mchezo. Yeye mwenyewe alicheza vibaya ajabu, gari lake lilikuwa linakwenda kinyume na wenzake. Lakini aliona kabla yetu kwamba watu wakizoea vigari watachoka, wakichoka hawatakuja, na wasipokuja hakuna mahali pengine Arua ambapo nyumba zile zingekaa kwenye mkeka mmoja. Kanisani wanakaa Wakristo, msikitini Waislamu, kilabuni walevi. Alihitaji kaseti mpya mbili tatu kwa mwaka. Na kaseti hazikuja.

Safari yangu ya kwanza niliuliza kwa moyo safi kabisa. Niliingia duka la vyombo vya umeme Kampala ambako huwa nanunua, nikamweleza mwenye duka, akacheka. Alinionyesha ukuta mzima wa gemu za mashine nyingine, ile inayotumia sidii. Kisha akanionyesha rafu moja ya chini, kaseti chache za mashine ya Fundi, nyingi zikiwa za kiwanda kile kile kilichotengeneza mashine.

Nilimuuliza kwa nini wengine hawatengenezi, maana nilikuwa nimeagizwa. Alikuwa mtu mwenye subira, akanieleza. Sidii haina gharama kuichapa. Kaseti ina ubao wa umeme ndani yake, na mtengenezaji wa gemu lazima aagize kaseti zenyewe kwa mwenye mashine, yaani kiwanda kilichoiunda, alipe kabla hajauza hata moja, na zisipouzwa zimebaki kwake. Halafu mwenye mashine anakagua, hili anakataa, lile anasema rekebisha. Ukivumilia yote hayo, mnunuzi akiingia dukani anauliza gemu za mwenye mashine tu, kwa sababu anazijua na ni nzuri. Na jina limeshatoka kwamba ile ni mashine ya watoto na mama zao, wakati watengenezaji wanawataka vijana wanaopenda kupigana na kupiga risasi. Wote wanaisifia, akasema, lakini hakuna anayetaka kuihangaikia.

Nilimfikishia Fundi maneno yote. Alisikiliza huku amejiegemeza mlangoni. Nikadhani yameisha. Kumbe nimemfungulia darasa.

Kwa muda alisema watengenezaji hawana habari. "Waambie wao iko watu! Jumapili watu arobaini nakaa kwa mashine moja. Wao hapana jua." Nilimwambia sina njia ya kuwaambia. Akaniona mvivu.

Halafu akageuza, akasema kosa ni la mwenye mashine. Hili alilitafakari sana, nadhani kwa sababu lilimgusa. "Mpishi akijua sana, mgeni nakuja mikono mitupu," alisema. "Yeye napika peke yake, naonja peke yake, nasifiwa peke yake. Nani taleta sufuria?" Alikipenda sana kisa hiki cha mpishi. Mkewe, mama mpole aliyekuwa akibangua njugu pembeni muda wote, alimtazama siku hiyo kwa jicho la pembeni na kuuliza, "Na wewe je?" Fundi akajifanya hajasikia.

Siku za mwisho alisema jambo lingine, na alilisema bila kufoka. Tulikuwa tumekaa nje ya karakana, lori limepita, vumbi limetujaa. "Kitu ya familia kila mutu napenda," alisema, "lakini hakuna mutu nashughulika nayo. Kama sisi. Kila mutu nafika hapa nasema watu ya West Nile iko muzuri, karimu, nakula enyasa, ugali yetu, mpaka nalamba vidole. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi napona? Lami iko wapi?" Wakati huo barabara ya lami ilikuwa inaishia mbali huko, tunaijua kwa kusimuliwa. Nilicheka. Yeye hakucheka, na nikikumbuka sasa naona haya kwa kicheko kile.

Lakini huyu mpishi wetu naye alikuwa na mambo. Watu wakishakufa au wakishahama tunawapaka asali, na mimi sitaki. Alikuwa mgumu. Alihubiri nyumba nne kukaa pamoja, na yeye mwenyewe hakuwa akisemezana na kaka yake wa Koboko, kwa sababu wakati tupo Zaire kaka yule aliuza mabati ya nyumba yake. Alipiga marufuku gemu yoyote ya bunduki, na usiku kucha redio yake ilikuwa kwenye habari za vita, anajua kila kikosi kiko wapi. Alilia kwamba hatuletewi gemu, na ukimletea, unajuta.

Kaseti yoyote ngeni ilikaguliwa siku tatu. Si yeye aliyekagua, bali mkewe. Mama yule alikaa na ungo wake wa njugu, watu wengine wanacheza, na Fundi anamtazama mkewe badala ya televisheni. Akicheka, imepita. Akiuliza swali, kuna shida. Yule padri aliyeleta mashine aliporudi kutoka Kongo alileta gemu ya kuvua samaki, ya watu wa nje, si ya kiwanda cha mashine. Mama alicheka mpaka njugu zikamwagika. Ikapita. Jumapili mbili watu waliicheza, ya tatu wakaanza kunung'unika, wanataka vigari. Fundi alisimama mbele ya televisheni amenyoosha mikono. "Nyinyi! Nyinyi ndio nafukuza wao! Mutu nakuletea kitu mpya, nyinyi nalilia ile ya zamani. Wao tarudi hapa kufanya nini?"  Kisha mzee wa Manibe, taratibu kabisa, akasema, "Lakini Fundi, vigari iko tamu." Na vigari vikarudi.

Sasa nifike kwangu mwenyewe. Safari ya tatu nilimletea kaseti. Niliinunua kwa fedha ya mtaji wangu, bila kuagizwa jina, ndiyo pekee iliyokuwa mpya kwenye ile rafu ya chini. Barabara ya Karuma hadi Pakwach wakati huo ilikuwa na waasi, tulikuwa tunasubiri msafara wa magari yenye askari, na siku hiyo tulilala chini ya lori tukisikia milio. Kaseti ilikuwa kifuani kwangu, ndani ya kitambaa. Nilijiona shujaa.

Ilikuwa ya bunduki. Sikujua, picha ya nje ilionyesha mtu amevaa suti tu. Siku ya kwanza mama alinyamaza. Siku ya pili aliweka ungo chini, akaniuliza mimi, si mumewe, "Hawa nalala chini. Wao taamka tena?"

Nikamwambia hapana, mama, hawaamki.

Akasimama, akatoka nje. Kaka zake wawili walibaki njiani tulipokuwa tunakimbilia Zaire, wote tulijua. Fundi akachomoa kaseti, akaifunga kwa gazeti vizuri, akanirudishia.

"Rudisha kwao," alisema.

"Kwao wapi, Fundi? Duka halipokei. Na nani mwingine ana mashine hii? West Nile nzima uko peke yako!"

"Rudisha."

Basi. Hakuuliza nimesafirije. Hakusema pole. Nilitoka pale nimeshika kile kigazeti kwa hasira, na wakati nateremka kuelekea sokoni niliwaelewa watengenezaji wa ng'ambo vizuri kuliko mwenye duka wa Kampala angeweza kunieleza. Unalipa kwanza, unahatarisha kwanza, unafika, unakaguliwa na mtu mwenye ungo, unaambiwa rudisha. Nani atarudia? Mimi sikurudia.

Lakini sikumwambia hivyo, na hapo ndipo kosa langu lilipo. Hasira yangu ilikuwa ya haki, uongo wangu haukuwa. Alipokuja mlangoni safari iliyofuata na swali lake, nilijibu kwamba Kampala zimekwisha, hawaleti tena, kiwanda kimefunga mlango. Na safari iliyofuata hivyo hivyo. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ilipita Pakwach na Karuma kwenda na kurudi, na kila nilipofika duka lile niligeuza uso nisiione rafu ya chini. Kaseti zilikuwepo. Hata za familia zilikuwepo, moja ina picha ya watu wanne wanapika kwa kukimbizana, na mwenye duka alinionyesha mwenyewe, akasema hii yule mzee wako angeipenda. Nikamwambia mzee amepoteza hamu.

Nilinunua nini badala yake? Sidii. Kijana mmoja alikuwa amefungua kibanda karibu na soko, ana mashine mbili za sidii, anazitaka gemu za ngumi na za risasi, hakagui, hana mke mwenye ungo. Sidii za kunakili ziliingia hamsini kwenye mfuko wa nguo, hata ungezikalia. Nilimletea. Akanisifu. Nikamletea tena.

Vijana walimkimbia Fundi kwanza. Kisha wasichana, maana vijana hawapo. Kisha kina mama, kwa sababu walikuwa wanakuja kwa kisingizio cha kuwasindikiza watoto, na kisingizio kimeondoka. Jumapili moja nilipita Awindiri na kukuta watu watatu kwenye mkeka: mjane wa sajenti, mzee wa Manibe na mtoto wa jirani. Jenereta inaunguruma, televisheni imewashwa, vigari vimepanga mstari vinasubiri. Fundi hakuruhusu waanze.

"Fundi, si waanze watatu tu?" nilimwambia.

"Iko pedi nne."

"Basi cheza wewe."

"Mimi iko mwenye nyumba."

Walisubiri mpaka petroli ikaisha. Hakuna aliyekuja, na mimi, nyumba yangu ilikuwa ya nne kama ningetaka. Nilikuwa na haraka ya kupeleka mzigo kibandani. Nilisema samahani, nikaondoka. Hilo linaniuma kuliko hata uongo, maana kukaa kusingenigharimu kitu.

Baada ya miezi michache alifunga. Mkewe aliugua akafariki mwaka ule ule, na Fundi akauza karakana. Mama wa Mvara nilimwona sokoni, mjane wa sajenti anatokea upande wa pili. Hawakugombana. Walitazamana, kila mmoja akasubiri mwenzake aanze, kisha kila mmoja akaangalia vitunguu vyake. Nafikiri hawakujua tena waongee juu ya nini.

Nilimwona Fundi mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa najiandaa kwenda Koboko kwenye matanga ya shangazi, nikasikia yuko kwa yule yule kaka yake wa mabati, anaumwa miguu. Safari yangu ya Kampala kabla ya hapo, yule mwenye duka alikuwa anaondoa rafu ya chini kabisa, nikachukua ile kaseti ya watu wanaopika. Sijui kwa nini niliichukua. Labda nilijua. Nikaitia mkobani nikaenda.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha kamba kivulini mwa ukuta, miguu imevimba, koti lile lile. Alifurahi kuniona, hilo lilikuwa wazi, na liliniumiza. Tuliongea juu ya matanga, juu ya mvua, juu ya kaka yake, ambaye Fundi alisema sasa ni mutu muzuri, mzee ameshachoka ubaya. Kisha nikatoa kaseti na kumpa kwa mikono miwili.

Aliigeuza. Akapitisha kidole juu ya picha.

"Hii mimi najua," alisema.

"Haiwezekani, Fundi. Haijawahi kufika Arua."

"Mimi nashika hii mkononi. Kampala. Iko duka, mwenye duka mutu mrefu, nakohoa sana, nasema polepole."

Alikuwa mwenye duka wangu. Ndiye. Fundi alinieleza bila haraka. Alikwenda kwa msafara wa magari, wiki ambayo alituambia sote yuko Manibe kwa shemeji. Alitaka kuwauliza mwenyewe. Fedha aliyokuwa nayo haikufika bei, lakini mwenye duka alimwachia aishike kaseti muda aliotaka, na alipojua anatoka Arua akamuuliza kama anamjua yule mama anayenunua sidii, maana kila akija anamwonyesha na mama anasema mzee hana hamu tena.

"Mimi nasikia hiyo," Fundi alisema. "Mimi nasema, asante, narudi nyumbani."

Nilihesabu kichwani. Baada ya safari yake hiyo alikuwa amekuja mlangoni pangu mara nyingi, pengine mara sita au saba. Kila mara aliuliza swali lile. Kila mara nilimdanganya machoni, na yeye akaitikia, akauliza habari za watoto, akachukua redio yangu kwenda kuitengeneza.

"Ulijua," nikasema. "Ulijua, na ukaendelea kuniuliza. Kwa nini hukunisuta, Fundi? Ungenitukana tu, ningekuletea siku hiyo hiyo!"

Alitikisa kichwa.

"Kama mimi sema, wewe taona haya. Mutu akiona haya, hapana pita tena kwangu. Na mutu ya kutuma Kampala, mimi iko na wewe moja tu."

 Nililia, sitadanganya na hili. Alinisubiri nimalize, akanirudishia kaseti. Mashine alikuwa nayo bado, ndani, lakini televisheni ilienda na karakana. Alisema niiuze kwa mwenye mashine na televisheni. Watoto wa kaka yake walikuwa wanapita na maji, mmoja akasimama kutazama picha ya nje, akaitwa akaenda.

Nilipoinuka kuondoka nilimshika mkono, nikamwambia wiki ijayo nina safari ya huku tena, nitampitia, nitamletea hata televisheni ndogo ya kuazima. Nilisema kwa moyo wote. Akasema haya, mama, nenda salama, kwa sauti ile ile ya upole aliyokuwa akinijibu nayo kila nilipomwambia kwamba Kampala zimekwisha.

Sikupita.